Mwenye Jina Bado Yupo

Tulimzika Fundi Magesa kwao Butiama siku ya jua kali, mvua ikiwa imenyesha usiku uliotangulia na udongo bado unashika viatu. Watu walipokwisha kunawa na kupewa chakula, Madam Perpetua, ambaye alifundisha sekondari moja ya hapo jirani mpaka alipostaafu, alikuja na sahani yake akakaa kando yangu chini ya turubai. Alianza kula. Halafu, bila kunitazama, akaniuliza kama lile jina kwenye kompyuta bado tumeliacha wazi. Nikamwambia bado. "Basi sasa mtampa mwingine," akasema, akaendelea kuhangaika na mfupa wake. Tangu nipokee simu ya msiba nilikuwa sijalia. Nilikuwa na viti vya kuazima, padri wa kutafuta, wageni wa Bunda wa kuelekezwa njia. Swali la Madam ndilo lililonifungua. Nililia pale pale na ugali mkononi, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu msibani mtu haulizwi analilia nini hasa.

Nilichokuwa nalilia kilianza mwaka niliomaliza chuo, cheti kimekaa kwenye bahasha na kazi hakuna, nikawa nashinda Nyasho, mjini Musoma, kwenye chumba cha uani cha Fundi Magesa. Kilijengwa kwa ajili ya mpangaji ambaye hakuwahi kupatikana. Kilikuwa na dirisha moja lenye wavu wa mbu na jingine lililozibwa kwa gunia la mchele. Kuta zilikuwa na rangi mpaka kiunoni, na kutoka hapo kwenda juu saruji tupu, kwa kuwa rangi iliisha na hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Meza mbili zilibeba kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Nje ya lile dirisha la wavu palikuwa na jiko la mkaa la Mama Neema, mke wa Fundi, kwa hiyo kazi yetu yote ilifanyika ndani ya harufu ya samaki wa kukaanga. Mama Neema hakuwa anaingia humo isipokuwa kutuletea chakula, lakini hakuna kilichompita. Tulipokuwa tunajaribu kitu kipya, tukanyamaza wote kungoja kioo kijibu, tulimsikia kutoka nje akiuliza, "Imeitika?" Ikiwa imeitika tulisema imeitika, naye akasema haya, akageuza samaki. Ikiwa haijaitika hatukusema kitu, naye akajua. Nyuma ya ukuta alikaa jirani aliyekuwa akibishana na redio yake kila taarifa ya habari, na mara nyingi tuliacha kazi tukasikiliza nani atashinda.

Kazi yenyewe iliitwa Lukuba, kwa jina la kisiwa unachokiona ukiwa ufukweni Musoma siku ya anga safi. Ulikuwa mfumo wa kompyuta wa bure kwa ajili ya shule: chini Linux inayoendesha mashine, juu yake programu zote ambazo mwalimu wa Mara angezihitaji, kwa Kiswahili, zimefungwa pamoja kwenye flashi moja ili asiyekuwa na intaneti aweze kuiweka mwenyewe. Fundi alikuwa ameianzisha peke yake, na programu nyingi za ndani aliziandika yeye: ya ratiba ya vipindi, ya zamu za walimu, ya kuazima vitabu, ya kupanga wanafunzi mezani. Hakusomea kompyuta popote. Alianza kwa kutengeneza redio, akaja kwenye televisheni, akaishia huku, na alikuwa na desturi ya kugonga kompyuta kwa kidole kabla ya kuiwasha, kama anayepiga hodi. Kila toleo jipya la Lukuba tulilipa jina la samaki wa ziwani. Mama Neema ndiye aliyechagua, kwa sharti kwamba awe samaki aliyewahi kumkaanga kwa mikono yake. Tulikuwa tumepita Furu, Gogogo na Nembe, na hilo lililokuwa linakuja lingeitwa Ningu. Flashi zilikwenda mashuleni kwa mabasi, ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta, na za upande wa Bunda zilipitia kwa Masatu, kijana wa rika langu mwenye duka la simu Manyamanyama, ambaye alizinakili na kuzisambaza, kisha Jumamosi akaja Nyasho kula samaki na kutukosoa.

Ugomvi wa mwaka ule uliletwa na Masatu. Programu zote za Fundi zilikuwa zimeandikwa kwa Python, lugha ya kuiagiza kompyuta, na Python yenyewe ilikuwa na matoleo mawili makubwa, la pili na la tatu. Yalikuwa ndugu, ila ndugu wa aina ya lugha zetu za Kijita na Kikwaya: kila neno unahisi unalijua, halafu unaletewa kitu ambacho hukukiomba. Fundi aliandika kwa la pili. Waliolitengeneza, watu wa mbali ambao hatujawahi kuwaona, walikuwa wametangaza kwamba karibuni wangeacha kulitunza. Likiugua, hakuna wa kulitibu. Masatu akaja na habari hizo akitaka Ningu ihamie la tatu. Akataka zaidi ya hapo: mtu akiandika neno python peke yake, bila kutaja namba, aitike wa tatu. Kwa sababu ndivyo kompyuta inavyofanya kazi. Mstari wa kwanza wa kila programu humtaja kwa jina yule atakayeisoma, na yule anayeitikia jina tupu, lisilo na namba, ndiye mkubwa wa nyumba. Mpaka siku hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa wa pili. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Masatu akamjibu kwamba mbachao wenyewe umeshatoboka, Fundi, tunalalia sakafu. Fundi alicheka, akamwambia kama wazee wa Mara wanavyomwita kijana, "Mura, wewe kula samaki." Lakini nilimwona akiutazama mkono wake uliokuwa juu ya meza, na nikajua ameguswa.

Ni rahisi sasa kusema ilikuwa habari ya kompyuta tu. Mimi nilikuwemo chumbani na nasema haikuwa hivyo. Kila alichojua Fundi Magesa alikijua kwa lugha ya pili. Kila mwalimu aliyempigia simu, kuanzia Musoma mpaka Bunda, alimpigia kuhusu kitu alichokiandika kwa lugha hiyo. Tukihama vibaya, mtu aliyenifundisha kazi bure, aliyenipa kiti wakati wenzangu wakiniuliza kama bado naangaliaga matangazo ya kazi, angebaki mgeni kwenye chumba chake mwenyewe, na mimi nilijua kwamba mtu wa namna yake hawezi kukaa mahali kama mgeni. Angeondoka. Nilimwogopea hilo mwaka mzima. Na hata hivyo ni yeye aliyenipa kazi hiyo. Siku moja asubuhi, tukiwa na chai na michembe ya viazi vikavu, alisema kama anayezungumzia kufagia uwanja, "Masatu anasemaga ukweli. Fanya wewe, Edita. Wewe ndio utakaa na Lukuba miaka mingi."

Nikafanya, na kwa bidii. Kulikuwa na programu ya kugeuza maandishi ya lugha ya pili kuwa ya tatu, nikaipitisha kwenye kazi zote za Fundi, zikageuka, nikazijaribu moja moja, na Mama Neema akauliza imeitika, nikasema imeitika. Kisha nikachukua lile jina tupu nikampa wa tatu. Hapa lazima niwaeleze kitu. Jina langu la nyumbani ni Nyangoma, na nilipewa kutoka kwa bibi yangu mzaa baba, naye akiwa hai, mwenye nguvu, anapalilia mihogo. Aliniita wajina. Mtu akiita Nyangoma uani, tuliitika wote wawili kwa pamoja halafu tukacheka, na bibi alisema kwamba sasa anazeeka bila wasiwasi, maana ameshajiona anakimbia uwanjani. Kwa hiyo kwangu mimi, kumpa mdogo jina la mkubwa ilikuwa heshima kubwa kuliko zote. Nilimwita Fundi aje aone. Nikaandika jina mbele yake. Wa tatu akaitika, akataja namba yake. Wa pili nilikuwa nimemwacha mlemle ndani, anapatikana kwa namba, nikiamini nimemtendea vizuri. Fundi alitazama kioo kwa muda mrefu. Alichukua kofia yake msumarini, akatoka, na mimi nikadhani ameenda dukani kununua umeme.

Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu. Mama Neema alisema ameenda Butiama kuangalia ng'ombe wake, na alipolisema alikuwa akiparua magamba kwa nguvu kuliko samaki alivyohitaji. Wiki ikapita, na nyingine. Simu yake ilikuwa inapatikana, anaitika salamu, anauliza mvua, anakata. Masatu alikuja Jumamosi akasema huo ni utoto, mtu mzima kususia kompyuta. Nikamwambia anyamaze, kwa sauti ambayo sikuijua, mpaka jirani wa nyuma ya ukuta akapunguza redio. Tukaendelea na kazi kwa sababu hatukujua kingine cha kufanya. Tukatoa Ningu ya majaribio na kuipeleka kwenye shule chache, mojawapo ikiwa ya Madam Perpetua.

Madam alipiga simu kabla juma halijaisha. Hakukasirika; alikuwa na sauti ya mtu anayezuia kicheko akiwa kanisani. Alisema karatasi ya meza iliyobandikwa kwenye bwalo la shule inaonyesha kwamba kila meza itakuwa na wanafunzi kumi na wawili na nusu, na tangu asubuhi bweni zima linatafuta nusu ni nani. Mfupi mmoja wa kidato cha pili ameshapewa jina la Nusu na huenda akaondoka nalo shuleni. Nilikaa chini. Ilikuwa ni tofauti ndogo ambayo ile programu ya kugeuza haikuigusa: wa pili, ukimwambia gawanya watoto mia kwa meza nane, hukwambia kumi na wawili, na wanaobaki hawataji; wa tatu hutoa jibu kamili, na jibu kamili ni kumi na wawili na nusu. Nikamwambia Madam nitarekebisha. Akasema nusu inachekesha, ila kuna mawili yasiyochekesha. La kwanza, programu ambazo wasichana wake wa klabu ya kompyuta walizitunga mwaka mzima zimegoma zote. Zinaita jina lilelile la siku zote, anaitika mtu asiyeelewa wanachosema. Na la pili aliomba nije nilione mwenyewe.

Nilikwenda, nikafika wakati wa chakula cha mchana. Bwalo lilikuwa refu, lina mwangwi wa vijiko na benchi zinazoburutwa, na chakula kilikuwa ugali wa udaga wa mihogo na maharage yenye mafuta yaliyoelea juu kidogo kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Madam alikuwa mwalimu wa zamu. Alikaa peke yake kwenye meza ya mbele, iliyokuwa na nafasi ya watu kadhaa, akanionyesha viti vitupu. Hapo ndipo nilipofahamishwa jambo ambalo Fundi hakuwahi kunieleza. Programu yake ya meza ilikuwa inawajua waliobaki. Baada ya kugawa, wale wasioenea mezani iliwapeleka kwa mwalimu wa zamu, na kila juma walikuwa wengine. Madam alisema amefundisha miaka mingi, lakini yale aliyoyajua kuhusu wanafunzi wake, nani baba yake ameondoka nyumbani, nani haoni ubao, nani anataka kuacha shule, aliyapata kwenye meza ile, kwa watoto ambao hesabu iliwaleta. Sasa wa tatu anagawa mpaka mwisho, hakuna anayebaki, na meza yake haina mtu. Nilikula chakula changu na Madam kwenye viti vile nikiwa na aibu kidogo na njaa nyingi. Kisha akaniambia kwa Fundi si mbali, nikimaliza kunawa aniandamanishe na msichana mmoja anionyeshe njia.

Nilimkuta Fundi Magesa anafunga miti ya zizi kwa kamba za katani, karibu na yale mawe makubwa ya Butiama yanayokaa juu ya mengine kama yameazimwa. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaniita ndani ya kivuli, akaagiza nipewe maziwa ya mgando. Nilimsimulia kwanza habari ya nusu. Alicheka mpaka akashika zizi. Nikaona nimepata mlango, nikamwambia nimekuja kumwomba arudi Nyasho, tutarekebisha kila kitu, hata kama ni kurudi kwa wa pili moja kwa moja na Masatu aende zake. Akatikisa kichwa. Alisema hilo la kugawanya ni dogo, linarekebishwa kabla chai haijapoa, na kwamba wa tatu hakukosea, alisema ukweli. Mimi ndiye niliyekosa kumwambia kwamba watu hawagawanyiki. Kilichomtoa Nyasho kilikuwa kingine.

"Kwetu hapa," akasema, "jina la mtu mzima ambaye bado anapumua hapewagi mtoto. Ukimpa ni kama umeshamchimbia. Ile siku uliita jina la yule wa zamani, akaitika mwingine, na wa zamani yuko mle ndani anasikia."

Nilimjibu kwa ukali, ndivyo nilivyo. Nilimweleza habari za bibi, za wajina, za kuitika wawili na kucheka. Nilimwambia kwetu jina halipungui kwa kugawiwa. Alinisikiliza kwa makini, kwani alikuwa mtu wa kusikiliza hata akikataa.

"Kwenu sawa," akasema. "Lakini nyinyi mkiitwa mnaitikaga wote wawili. Kompyuta haina hiyo. Anaitika mmoja."

Nilikunywa maziwa. Ng'ombe mmoja alikuja kunusa kamba, Fundi akamfukuza kwa kiganja bila kumtazama.

"Kung'atuka mimi sikatai, Edita. Neno lenyewe limetoka hapahapa kwetu. Wazee wa rika wakimaliza zamu yao wanakaa pembeni, vijana wanachukua, hakuna mtu analia. Mimi nakataa kitu kimoja tu, niitwe mimi, aitike mwingine."

Mpaka leo nayasikia maneno hayo kwa sauti yake. Nilimuuliza, kwa upole safari hii, jina tulifanyeje basi. Akasema tuliache wazi. Asiitike mtu. Anayemtaka wa pili aseme wa pili, anayemtaka wa tatu aseme wa tatu, na programu zote mpya tuziandike kwa wa tatu, huyo ndiye wa kufanya kazi sasa. Siku wa zamani akiondoka kabisa na matanga yake yakaisha, ndipo jina lipewe mwingine. Alisema hayo akirudi kwenye kamba zake, na nikaona kwamba alikuwa ameshayapanga siku nyingi, akingoja tu mtu aje amuulize. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba alikuwa anangoja kuulizwa na sisi tukawa tunampigia simu za mvua.

Alirudi Nyasho Jumatatu iliyofuata na ndoo ya maziwa. Siku hiyo Mama Neema alitukaangia sato mzima kila mtu, na ilikuwa si sikukuu. Fundi aligonga kompyuta yake kwa kidole, akaiwasha, akaanza kujifunza lugha ya tatu kuanzia mstari wa kwanza, amevaa miwani aliyokuwa anaificha watu wasiione. Aliandika upya programu zake zote yeye mwenyewe. Hakutaka ile ya kugeuza. Nilikaa kando yake. Aliniuliza maswali na mimi nilimjibu, na siku za mwanzo sote wawili tuliona soni, kwa kuwa mambo yalikuwa yamegeuka na hatukuwa tumezoea. Halafu tukazoea. Ya meza aliiacha mwisho. Alipomaliza, nilimwona ameandika maelezo katikati ya programu, kwa ajili ya yeyote atakayeifungua baadaye: watu hawagawanyiki, wanaobaki wakae na mwalimu. Zile za wasichana wa Madam zilipona kwa kutajiwa tu namba ya yule wanayemtaka.

Kuhusu jina, kilibaki kitu kimoja. Masatu alisema mtu akiita halafu kukawa kimya kabisa, mwalimu atadhani kompyuta imeharibika na atampigia simu yeye, kwa sababu kila kinachoharibika Bunda hupigiwa simu yeye. Kwa hiyo Fundi akaandika ujumbe wa kuitika mahali pa jina. Ukiandika neno lile peke yake, kioo kilisema: Mwenye jina bado yupo. Taja unayemtaka, wa pili au wa tatu. Masatu alisema sasa tumeingiza mila kwenye kompyuta, watu watatucheka. Baadaye tukaja kusikia kwamba baadhi ya wenye mifumo mikubwa huko duniani nao walikuwa wameamua kuliacha jina wazi, kwa sababu zao wenyewe, na Masatu aliudhika kwa kukosa cha kubishia. Ningu ilitoka kabla ya Krismasi. Mama Neema alimtafuta ningu mwenyewe kwa wavuvi wa Mwigobero, samaki ambaye sasa si rahisi kumpata, akampika na nyanya, na tulimla kwa zamu kwa sababu alikuwa mmoja.

Miaka ilipita, na Fundi akawa bora kuliko sisi katika lugha ya tatu, jambo ambalo Masatu hakuwahi kulimeza vizuri. Mimi nilipata kazi Mwanza, nikaiacha, nikarudi. Shule moja moja ziliacha kumwita wa pili, mpaka ikafika siku hakuna programu hata moja katika Mara nzima, kwa kadiri tulivyojua, iliyomtaja, na ni Fundi mwenyewe aliyemtoa kwenye Lukuba. Alimfuta bila sherehe, asubuhi, kabla ya chai. Nikamkumbusha kwamba sasa jina liko huru. Alirekebisha ujumbe wake sehemu ya mwisho tu, ukawa: Mwenye jina bado yupo. Kwa sasa mwite wa tatu. Nilimwambia hiyo si kweli, mwenye jina ameshatoka. Akacheka akaniambia, "Mimi si bado nipo?" Nikamwacha. Ukinibana hata leo nitakwambia sikukosea kumpa wa tatu jina, na bibi yangu angeniunga mkono. Lakini nilimwacha, na kila toleo tulilotoa baada ya hapo, Sangara, Mumi, Kamongo, lilikwenda mashuleni na maneno yale ndani yake.

Arobaini ilisomewa misa, na baada ya misa nilikwenda Nyasho. Chumba ni kilekile, rangi bado inaishia kiunoni. Mama Neema alikuwa kwenye jiko lake nje ya dirisha, amevaa kitenge kipya cha kuondolea msiba, anakaanga. Niliketi, nikagonga kompyuta kwa kidole, nikaiwasha, nikaandika lile jina. Mwenye jina bado yupo, ikaniambia. Nikakaa nikiyatazama maneno ya Fundi. Kubadilisha ilikuwa kazi ya mstari mmoja, na huo mstari ulikuwa sauti yake ya mwisho iliyobaki ikisema na watu. Mikono haikutaka. Nilimwambia Mama Neema kupitia wavu kwamba nafikiri tuliache tu lilivyo, halimdhuru mtu, watoto wameshalizoea.

Mafuta yalisikika.

"Edita, mwanangu," akasema, "hayupo. Usiache kompyuta ya watoto inadanganya."

Nikafuta ujumbe. Nikampa wa tatu jina. Kisha nikaliandika tena, peke yake, bila namba, na nikangoja, na nje pakawa kimya.

"Imeitika?" akauliza.

Nilijifuta uso kwanza.

"Imeitika."

"Haya," akasema, akageuza samaki.